Maji ya Mto Malaba na Udongo wa Mlima Elgon

Msomaji wetu mmoja, mama wa nyumbani ambaye mumewe ni askari polisi, ametuandikia kutoka Mulanda, wilaya ya Tororo, akiuliza jambo ambalo yamkini wengi wenu mmeliona mkalipita. Asema kwamba katika majira ya mvua hutokea siku ambazo huko kwao halijaanguka hata tone moja, jua limewaka tangu jana, lakini mto Malaba huamka umejaa, maji yake mazito, yenye rangi ya chai ya maziwa. Watoto humwuliza matope hayo yametoka wapi, naye hana la kuwajibu. Tena auliza kama maji hayo yafaa kuletwa nyumbani.

Swali la mama huyu ni kubwa kuliko linavyoonekana. Atakayelijibu barabara atakuwa ameeleza pia kwa nini, kila baada ya miaka michache, vijana wetu huamshwa makambini na kupelekwa Bududa au Bulambuli, wakiwa na majembe na sepetu, kwenda kuwafukua wananchi waliofunikwa na ardhi. Matope ya mtoni na maafa ya mlimani ni mambo ya asili moja.

Tuanze na mto. Malaba huanzia kwenye miteremko ya mlima Elgon. Katika sehemu ya safari yake ndio mpaka wa Uganda na Kenya, kisha huingia Tororo na kuelekea magharibi hadi kujiunga na mto Mpologoma, ambao nao hupeleka maji yake ziwa Kyoga. Mlimani mvua hupenda kunyesha alasiri. Maji hayo husafiri usiku mkiwa mmelala, na asubuhi yapo mbele yenu. Kwa hiyo anayeishi Mulanda hunyeshewa mara mbili: mara moja na mawingu yake mwenyewe, na mara ya pili na mawingu ya watu wa mlimani asiowajua.

Katika siku iliyo safi baada ya mvua, mkazi wa Tororo akitazama kaskazini-mashariki huuona Elgon ukilala kama mgongo wa mnyama mkubwa, bila ncha kali. Wengi huudharau kwa sababu hiyo, wakidhani ni kilima kirefu tu. La, hasha. Kilele chake cha Wagagai kina urefu wa mita 4,321 juu ya usawa wa bahari, na upana wa mlima chini wafikia kilometa 80 hivi. Hiyo ilikuwa volkeno, yaani mlima wa moto, ambayo ilizimika zamani mno, na ambayo kwa mamilioni ya miaka ilimwaga majivu na mawe yaliyoyeyuka, tabaka juu ya tabaka.

Mawe yaliyotokana na majivu hayo ni laini na yamejaa chumvichumvi. Upande wa Kenya liko pango liitwalo Kitum, ambamo tembo wamekuwa wakiingia gizani na kukwangua kuta kwa pembe zao ili wapate kulamba na kutafuna jiwe lenye chumvi, kwa maana majani wanayokula hayawatoshelezi chumvi mwilini. Fikiri, ndugu msomaji, jiwe ambalo tembo aweza kulivunja kwa pembe na kulitafuna kama kiazi! Jiwe la namna hiyo likipigwa na mvua na joto kwa muda mrefu huoza, likageuka udongo mzito wenye rutuba ya ajabu. Ndiyo sababu Wagisu waweza kuotesha kahawa na migomba mahali ambapo mgeni ataogopa hata kusimama. Na ndiyo sababu watu ni wengi huko, nyumba juu ya nyumba, shamba juu ya shamba, hadi kwenye mpaka wa hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1993.

Linganisheni na jabali la Tororo, lile linalosimama juu ya mji. Nalo ni mabaki ya volkeno ya kale, lakini kilichobaki pale ni koo lake gumu tu. Udongo ulikwisha kuondoka zamani. Juu ya jabali hilo hakuna wa kulima, na kwa hiyo hakuna wa kuzikwa na shamba lake. Ardhi iliyo tajiri ndiyo yenye hatari.

Sasa tuje kwenye mvua, na hapa naomba tupige hesabu, maana wengi wetu huichukua mvua kuwa kitu chepesi kwa kuwa huanguka tone kwa tone. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili ya maji, na lita moja ina uzito wa kilo moja. Chukua nyumba yenye paa la bati la urefu wa mita 6 na upana wa mita 5. Mvua ya milimita 50, ambayo ni ya kawaida katika majira yake, humwaga juu ya paa hilo lita 1,500, yaani jerikani 75 za lita 20. Akina mama wanaobeba jerikani kichwani wanaelewa hesabu hiyo kuliko mimi.

Haya, tuipeleke hesabu mlimani. Ekari moja ni mita za mraba 4,047 hivi. Mvua ikinyesha milimita 100 katika usiku mmoja na siku moja, ekari hiyo itakuwa imepokea maji yapatayo tani 405. Huo ni mzigo wa malori 40 ya tani kumi kumi yaliyoegeshwa juu ya shamba la mtu mmoja lililo kwenye mteremko mkali. Ni kweli kwamba sehemu ya maji hutiririka na kwenda zake (hayo ndiyo anayoyaona mama wa Mulanda), lakini sehemu kubwa huzama ardhini na kukaa humo.

Lakini uzito peke yake hauangushi mlima. Maji hufanya jambo la pili ambalo ni baya zaidi. Watoto waweza kulijaribu nyumbani. Chukueni ubao, mwuinamishe kidogo, mweke tofali kavu juu yake. Litatulia. Sasa mpake ubao huo udongo wa mfinyanzi uliolowa, mrudishe tofali palepale. Mteremko ni uleule, tofali ni lilelile, lakini mara hii litateleza. Ndivyo ilivyo mlimani. Udongo ukiwa mkavu chembe zake hukwaruzana na kushikana. Maji yakijaa katikati ya chembe hizo huzisukuma zisishikane, na udongo uliokuwa mgumu kama ukuta ukawa kama uji. Chini yake mara nyingi liko jiwe au tabaka la mfinyanzi lisilopitisha maji, na juu ya tabaka hilo ndipo mteremko mzima huanza safari.

Jaribio jingine ni hili. Tieni udongo wa uani katika chupa nyeupe hadi theluthi moja, mwongeze maji, mtikise sana, kisha mwiache bila kuigusa. Mchanga utakaa chini kabla hamjamaliza kuhesabu hadi mia. Udongo laini utafuata baada ya saa kadhaa. Mfinyanzi wenyewe waweza kuelea siku nzima au zaidi, maji yakibaki na ukungu. Kwa jaribio hilo mtakuwa mmepata nusu ya jibu la swali la Mulanda: mchanga wa Elgon hubaki njiani, mawe hubaki mlimani, lakini mfinyanzi hauna haraka ya kutua, basi husafiri na maji mpaka kwenye ndoo yenu.

Tarehe 1 Machi, 2010, baada ya mvua za mfululizo, mteremko uliachia jioni juu ya Nametsi, wilaya ya Bududa. Ulifunika nyumba, maduka na kituo cha afya. Watu zaidi ya 300 walipotea, na wengi wao hawakupatikana kamwe. Mashine za kuchimbia hazikuweza kupanda njia zile nyembamba zilizojaa utelezi, na kwa siku za mwanzo askari na wanakijiji walifukua kwa majembe na kwa mikono mitupu. Tarehe 11 Oktoba, 2018, huko Bukalasi katika wilaya hiyohiyo, udongo na mawe makubwa viliingia katika mto Suume, na mto ukavichukua hadi kwenye makazi yaliyokuwa chini yake. Watu zaidi ya 40 walikufa. Tarehe 27 Novemba, 2024, zamu ikawa ya kijiji cha Masugu, wilaya ya Bulambuli, ambako nyumba zipatazo 40 zilizikwa.

Nimesikia watu wa tambarare, na wengine wao ni wasomi, wakisema kwamba wakazi wa huko ni wakaidi: wameonywa, kwa nini hawahami? Maneno hayo ni mepesi mno. Baada ya mwaka 2010 Serikali ilizihamisha familia nyingi hadi Kiryandongo, mbali zaidi ya kilometa 200, katika nchi ya joto ambayo mibuni yao haiwezi kustawi. Baadhi walirudi. Kuanzia mwaka 2019 familia nyingine zilianza kuhamishiwa Bunambutye, ambako ni tambarare ya Bulambuli, karibu zaidi na kwao. Mtu aliyezikwa babu yake katika kitongoji fulani, mwenye mibuni 300 inayomlipia karo, akiambiwa aondoke kwa sababu ya jambo ambalo labda litatokea na labda halitatokea, atasitasita. Hata wewe na mimi tungesitasita. Kuhama ni dawa kwa wale walio mahali pabaya kabisa. Waliobaki wanahitaji elimu ya kuitambua hatari wakati bado miguu yaweza kukimbia.

Na hatari hiyo ina dalili. Ardhi haianguki bila kutoa taarifa, ila taarifa yake hutolewa kwa sauti ndogo. Ufa mpya katika ardhi upande wa juu wa nyumba, hasa uliopinda kama mwezi mchanga, ni taarifa. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri na sasa wakwama, ukuta uliopasuka pembeni mwa dirisha, nguzo ya uzio au mti ulioanza kuinama, vyote vyasema kwamba msingi umesogea. Chemchemi iliyozuka mahali pasipokuwa na maji, au ya siku zote iliyochafuka ghafla, ni taarifa. Na iliyo kubwa kuliko zote: kijito kikipungua maji ghafla huku mvua bado inanyesha, asiwepo wa kushangilia kwamba mafuriko yamekwisha. Maana yake yaweza kuwa kwamba udongo umekwisha kuanguka huko juu ukaziba njia, na maji yanajikusanya nyuma yake. Hapo ni kuondoka mara moja, kwenda pembeni mwa bonde, kwenye mgongo wa kilima. Asiyekimbia kufuata bonde kwenda chini ndiye mwenye nafasi ya kupona, kwa kuwa matope nayo hufuata bonde, tena kwa mbio kuliko mtu.

Mahali pa nyumba pia pana maana. Penye bonde dogo lililobonyea katikati ya mteremko, kama kiganja cha mkono, ndipo maji ya pande zote hukutana, na ndipo udongo hulegea kwanza. Tena wako wanaochimba mlima ili wapate uwanja sawa wa kujengea, wakauacha ukuta wa udongo umesimama wima nyuma ya nyumba. Kufanya hivyo ni kuukata mlima mguu na kuutazamia usimame. Mti wenye mizizi mirefu, kama mringaringa ambao wakulima huuacha kuwa kivuli cha kahawa, huusaidia udongo kushikana; mgomba, ambao mizizi yake ni ya juujuu, hausaidii sana. Lakini nisiwadanganye: udongo ukishalowa kwa kina cha mita nyingi, hata mti mkubwa huondoka umesimama wima, ukisafiri pamoja na shamba.

Neno kwa askari wanaopelekwa kufukua. Mteremko ulioanguka mara moja haujamaliza. Uso mpya uliobaki juu ni mbichi, hauna mizizi, na mvua ikiendelea waweza kuangukia waokoaji. Kabla ya kuingia, aachwe mtu mmoja mwenye filimbi mahali salama panapoonyesha mteremko wote wa juu, na kazi yake iwe ni kutazama tu, asishike jembe hata kama moyo unamwuma. Kila mchimbaji ajue kabla ya kuanza atakimbilia upande gani akisikia filimbi. Wapangwe kwa mstari wa kukata pembeni, wasisongamane wote chini katikati ya bonde. Na kila baada ya muda wote wanyamaze kimya kabisa, pumzi tu, wapate kusikiliza kama yuko anayegonga au kulia chini ya mabati.

Turudi tambarare. Maji yakishatoka mlimani na mzigo wake, hukutana na mabwawa ya mafunjo, ambayo watu wengi huyaona kuwa ni ardhi bure inayongoja kulimwa mpunga. Mafunjo hufanya kazi ya kichungi jikoni. Maji yakiingia humo hupunguza mwendo, na matope hupata nafasi ya kutua. Humo ndimo korongo taji, ndege aliye katika bendera ya Uganda, hujenga kiota chake. Humo pia hukaa kamongo, samaki mwenye mapafu, ambaye bwawa likikauka hujichimbia matopeni akajifunga katika ganda la ute na kungoja mvua kwa miezi. Nasema wazi kwamba sichukii mpunga, maana nami naula. Shamba kubwa la Doho huko Butaleja, lililojengwa katika miaka ya 1970 na 1980, limelisha wengi. Lakini Doho lenyewe hupokea maji ya mto Manafwa, ambao nao hutoka Elgon, na mifereji yake imesumbuliwa miaka nenda miaka rudi na matope yanayoijaza. Kila bwawa linalofyekwa bila mpango ni kichungi kimoja kilichoondolewa, na matope yaliyokuwa yakitua hapo huendelea na safari hadi kwa jirani.

Wala si Malaba na Manafwa pekee. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai, 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika katika mji wa Mbale, ikaua watu zaidi ya 20 na kuvunja mabomba, hata maelfu ya nyumba zikakosa maji safi katikati ya mafuriko. Upande wa Kenya, mto Nzoia hukusanya maji ya Elgon na ya milima ya Cherangani, na wakazi wa Budalang'i katika kaunti ya Busia wamehama na kurudi mara nyingi kingo zake zinapobomoka.

Kwa wale wanaopenda kupima mambo wenyewe, kipimo cha mvua hakihitaji fedha. Kopo lolote lenye pande zilizonyooka, likiwekwa wazi mbali na paa na miti, na rula ya mtoto wa shule, vyatosha. Kila siku saa tatu asubuhi ingizeni rula, msome kina cha maji kwa milimita, mwandike katika daftari, kisha mmwage. Wenye ndugu huko mlimani wawafundishe. Siku kopo likionyesha milimita 50 au zaidi kwa siku mbili mfululizo, nao wana nyumba katika bonde lile lililobonyea, wasilale humo.

Sasa maji ya mama wetu. Maji yenye rangi ile yasinywewe kama yalivyo, kwa sababu pamoja na udongo yamebeba kila kilichooshwa njiani, vikiwamo vyoo na mazizi. Kuyachemsha yakiwa bado na matope ni kupoteza kuni. Kwanza yatulizwe. Mkiwa na mti wa mlonge uani, twangeni punje nyeupe za mbegu zilizokauka, mbegu moja kwa kila lita ya maji yenye matope mengi, mkoroge unga huo katika kikombe cha maji safi, mchuje kwa kitambaa, na maji yake mwamimine ndani ya ndoo. Korogeni kwa nguvu kwa dakika moja, kisha polepole kwa dakika tano hadi kumi. Chembe za mfinyanzi husukumana kwa sababu zote zina umeme wa namna moja. Kitu kilicho katika mlonge kina umeme wa namna ya pili, basi huzivuta zikashikana na kuzama. Funikeni ndoo muda wa saa moja au mbili. Maji ya juu yateke kwa uangalifu bila kutibua chini, yachemke hadi yatokote, yapoe katika chombo chenye kifuniko. Yaliyotulizwa kwa mlonge yatumiwe siku ileile, maana yakikaa hadi kesho huanza kunuka.